Hodi ya Tatu

Kitu cha kwanza alichokigundua Siwema kilikuwa kidogo mno, hata akaona haya kukifikiria. Mumewe, Hamduni, alirudi kutoka kazini alasiri, akasimama nje ya mlango alioutundika kwa mikono yake mwenyewe, akasafisha koo, akasema, "Hodi."

Mtu hapigi hodi kwake. Mtu akirudi kwake hukohoa, huburuta kandambili, huuliza chakula kimeiva au bado. Hodi ni ya mgeni. Siwema alikuwa ameketi ndani anasuka ukili, na mtoto wao Zena amelala mgongoni kwake. Akadhani mumewe anamtania. Akatabasamu peke yake, akajibu kwa ile sauti yake ndogo:

"Karibu."

"Hodi," akasema Hamduni tena.

"Karibu, baba Zena."

"Hodi," mara ya tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Si nimeshasema karibu?"

Hamduni akaingia. Akavua viatu, akanawa, akala muhogo wake kwa kisamvu mpaka mwisho. Alimshika mtoto shavu. Hakumtazama mkewe. Siwema akaona ncha za vidole vya mumewe zimeingia chaki nyeupe, kama za mwalimu, na Hamduni hakuwa mwalimu.

Hakuuliza. Siwema hakuwa mtu wa kuuliza.

*

Ili ieleweke kwa nini hodi inaweza kumkosesha mtu raha, yafaa tuieleze kidogo nchi yenyewe. Ilikuwa nchi nzuri. Tunasema hivyo kwa sababu kusema vinginevyo lilikuwa kosa, na hatujapata habari kwamba kosa hilo limefutwa.

Kiongozi wake aliitwa Mtukufu Sauti ya Taifa. Alihutubia asubuhi ili watu waamke, akahutubia mchana ili wasione njaa, akahutubia jioni kueleza alichokisema asubuhi. Kwa kuwa yeye alikuwa na sauti kubwa, ilionekana ni utovu wa uzalendo raia kuwa na sauti ndogo. Hata shuleni watoto walipimwa kwa sauti. Aliyepiga kelele jibu la uongo alipata nusu ya alama. Aliyenong'ona jibu la kweli hakupata kitu.

Siwema alisoma katika shule hizo. Siku moja mwalimu alimtaka ataje mito ya nchi. Aliijua yote, na akaitaja yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka ule mdogo unaokauka kiangazi.

"Sijasikia mto hata mmoja," akasema mwalimu. "Nchi nzima umeikausha."

Akampa sifuri. Alipofika darasa la nne alikuwa na sifuri za kuvaa bangili mikono yote miwili, na baba yake akaona heri mtoto abaki nyumbani asaidie kazi, maana jikoni hakuna mtihani wa kupayuka.

Huko jikoni ndiko Hamduni alikomsikia. Alikuwa kijana mgeni mtaani, ametumwa kuleta salamu za msiba. Akapiga hodi uani, na watu wa nyumba ile walikuwa wakitwanga mahindi kwa kishindo. Siwema akajibu kutoka jikoni, kama kawaida yake, bila kutarajia kusikiwa. Hamduni akasimama wima.

"Nimekaribishwa," akasema. "Kuna mtu jikoni kanikaribisha vizuri sana."

Mama yake Siwema akashusha mchi. "Wewe kijana, huyo mimi niliyemzaa simsikii. Una masikio ya popo?"

"Sijui, mama. Nimesikia tu."

Wapo wanawake walioolewa kwa sababu ya shamba, wapo walioolewa kwa sababu ya macho yao. Siwema aliolewa kwa sababu alisikiwa. Naye alikubali kwa sababu hiyohiyo, ingawa hakupata kumwambia mtu.

*

Wakati wanaoana, wote wawili walikuwa na kazi, na kazi za serikali, ambazo husifiwa kwa kudumu. Siwema alikuwa akifua bendera katika Bodi ya Bendera. Kazi haikutaka maneno, ilitaka sabuni na nguvu za viwiko, akaipenda. Akafukuzwa kwa sababu alizitakasa kupita kiasi. Ile rangi ya kijani, iliyowakilisha mashamba, ikatoka na maji.

"Binti," akaambiwa na msimamizi, "umeyafua mashamba ya taifa yakaisha. Sasa watu watakula nini?"

Hamduni alikuwa mpiga makofi wa safu ya pili. Wapiga makofi walikuwa na sare, mazoezi na mafuta ya kupaka viganja. Naye alikuwa hodari. Ila siku moja Mtukufu Sauti ya Taifa alisema, "Ndugu wananchi, nchi yetu ina njaa kubwa…" halafu akanyanyua glasi anywe maji. Alikusudia kumalizia kwamba ni njaa ya maendeleo. Hamduni hakuijua nia hiyo. Akaona kituo, akapiga makofi. Na kwa kuwa safu ya pili humfuata mmoja wao, uwanja mzima ukaishangilia njaa.

Jioni hiyo alirudi nyumbani bila sare.

"Mafuta ya viganja je?" akauliza Siwema polepole.

"Nayo wamechukua."

Wakacheka mpaka wakalia, wote wawili, mkeka mmoja. Nasi tunakiandika kicheko kile hapa kwa sababu kilikuwa cha haki, na baadaye kulikuwa na haja ya kukikumbuka.

Kazi ikiondoka, chumba hakikai. Wakatolewa katika nyumba ya wapiga makofi, wakaanza kuhangaika na dalali mmoja aliyeitwa Msumari, mtu mwembamba aliyekuwa na jibu la kila swali isipokuwa lile ulilouliza.

"Chumba kina maji?" akauliza Hamduni.

"Maji yapo jirani sana."

"Jirani wapi?"

"Chini. Bomba linapita chini ya hapo ulipokanyaga, kwenda kwa Mheshimiwa. Ukilala ukilaza sikio, unayasikia kabisa."

Chumba cha pili kilikuwa na dirisha zuri lenye kuangalia bustani. Siwema alipotaka kulifungua, akakuta limechorwa ukutani. "Na halileti mbu," akasema Msumari. Cha tatu kilikuwa cha bibi mmoja aliyekubali wapangaji wanaotarajia mtoto, kwa sharti mtoto asikue. Cha nne walikikuta kinakaliwa na mbuzi wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akawaeleza kwa upole kwamba mbuzi ndiye mpangaji wa zamani, wao itabidi wamzoee.

"Hebu semeni ukweli," Msumari akawaambia mwishowe, amechoka. "Nyinyi mnataka chumba, au mnataka raha?"

Mwisho wa yote Siwema mwenyewe ndiye aliyeiona nyumba. Lilikuwa ghala la zamani la chumvi, mwisho wa mtaa, lisilo na mlango, paa limetoboka, kuta zinatoa jasho la chumvi mvua ikinyesha. Hakuna aliyelidai, hata mbuzi hawakulitaka. Siwema akabeba udongo kichwani kutoka bondeni, akaukanda kwa miguu, akakandika kuta ndani na nje. Alianza ana mimba ya Zena, akamaliza Zena yuko mgongoni. Hamduni akaziba paa, akatundika mlango wa mbao za makasha. Kuta zikakubali. Nyumba ikaacha kutoa jasho. Siwema akapanda mchicha ubavuni, na mara ya kwanza mchicha ulipoota alikaa akautazama mpaka ugali ukaungua.

Ile ndiyo nyumba. Hakuwa na nyingine, wala hakutaka nyingine.

*

Sasa ikatokea kwamba mchwa waliingia katika ofisi ya ardhi wakala hati zote za nyumba za nchi ile. Tume ikaundwa. Ikawahoji mchwa kwa muda mrefu, ikawaona hawana hatia, maana walikuwa hawajapangiwa chakula kingine.

Ndipo ikazaliwa Wizara ya Makazi na Makaribisho, na Waziri wake Mheshimiwa Radi Ngurumo, mtu ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka kwa kumsikiliza yeye mwenyewe. Akaleta Sheria ya Hodi. Sheria ilikuwa fupi na ya kupendeza: kwa kuwa hati hazipo, Mbisha Hodi wa Serikali atapita kila nyumba, atapiga hodi mara tatu, na sauti itakayojibu kutoka ndani ndiyo ya mwenyewe. Nyumba hiyo itachorwa msalaba wa chaki ukutani. Nyumba itakayokaa kimya haina mwenyewe, itachorwa duara, na itakuwa ya serikali.

Wazee walishtuka kidogo. Walivyofundishwa wao, hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni hushika njia akarudi alikotoka. Kimya cha mwenye nyumba kilikuwa ndicho komeo lake.

"Hiyo ni mila," akafafanua Mheshimiwa Ngurumo redioni. "Sisi hatuifuti mila. Tumeigeuza tu upande wa pili, ili nao upate jua."

Basi mitaa ikajaa kelele. Watu walijibu "Karibu!" hata jani likianguka. Walimkaribisha paka, wakaukaribisha upepo. Mgonjwa aliyekuwa akikata roho alikatazwa na wanawe mpaka ajibu kwanza. Kuna mzee mmoja mlevi, Chande, ambaye Mbisha Hodi alimkuta kalala. Ilipofika hodi ya tatu akapayuka, "Tokeni hapa, mafisi nyinyi!" Kesi ikapelekwa wizarani, ikajadiliwa, ikaamuliwa kwamba nyumba ni yake. Uamuzi ule ulitangazwa nchi nzima: *Sheria inataka sauti, haitaki adabu.*

Wakubwa wenye nyumba nyingi nao walipata taabu, maana mtu mmoja hawezi kujibu pote. Ndipo ikaanza kazi mpya, kazi ya msema karibu. Hamduni akaipata kwa Mheshimiwa Ngurumo mwenyewe, ambaye alikuwa na nyumba nyingi kuliko alivyokumbuka. Hamduni alitangulia mbele ya Mbisha Hodi, akaruka ua hata ua, akijibu kila nyumba kwa sauti tofauti: hapa ya mzee, pale ya ajuza, kwingine ya tajiri mwenye mafua.

"Kijana huyu ana kipaji," akasema Mheshimiwa. "Koo lake moja, lakini limejaa raia."

Akampandisha cheo. Hamduni akavaa kofia yenye nembo ya mlango, akapewa chaki, akawa Mbisha Hodi wa Serikali. Siku hiyo alimnyanyua Siwema juu akamzungusha mpaka kanga ikafunguka.

"Mama Zena! Sasa mimi ndiye ninayepiga. Nani atatugusa?"

*

Asubuhi baada ya ile hodi ya alasiri, Siwema alizunguka nyuma ya nyumba kuanika nepi za Zena. Akaliona. Lilikuwa duara, chini karibu na mchicha, mahali ambapo mtu asiyeanika nguo asingepita. Duara safi, limeungana vizuri.

Akasimama na nepi mkononi mpaka ikamchuruzikia maji yote miguuni.

Hamduni aliporudi, alimkuta mlangoni.

"Baba Zena, kuna duara ukutani."

"Ni utaratibu."

"Nilijibu."

"Sikusikia, mama Zena."

"Ulikuwa hapa. Hapa hapa."

Hamduni akavua kofia, akaipangusa nembo kwa kiganja. "Sikiliza. Ningesimama hapo kama mume, ningesikia. Nilisimama kama serikali." Kisha akashusha sauti, akawa yule wa mkeka mmoja. "Kila Mbisha Hodi kaambiwa apeleke nyumba moja ya kimya, la sivyo hana uaminifu. Na mtaa mzima unapiga kelele, utadhani wamekula pilipili. Nitaipata wapi nyumba ya kimya? Nikipeleka hii ninakuwa Mbisha Hodi Mkuu. Tunapewa nyumba ya matofali, bomba ndani. Ndani, Siwema! Unafungua, yanatoka."

"Nyumba ya nani?"

"Ya serikali."

"Kabla ya serikali?"

Hamduni akavaa kofia. "Ilikuwa kimya," akasema.

Siwema akataka kumwambia jambo. Lilipanda mpaka kooni, likakaa hapo, likarudi. Akaenda kumpakulia.

*

Habari haikai chini ya chungu. Jirani yao Bi Kidawa, mwanamke ambaye kuku wake walizoea kuitwa kutoka mtaa wa tatu, akaja mbio.

"Shoga, nimesikia! Lakini usife moyo, bado kuna hodi ya kuthibitisha. Sheria inasema Waziri aje mwenyewe, ibishwe hodi tatu mbele ya watu, ndipo nyumba ichukuliwe. Nitakufundisha kupiga kelele. Haya, fikiria umeona nyoka kwenye unga."

Siwema akafumba macho, akamfikiria nyoka, akafungua mdomo.

"Umeanza?" akauliza Bi Kidawa.

"Nimemaliza."

"Ala! Huyo nyoka umemsalimia." Akamshika mabega. "Fikiria basi mume wako yuko na mwanamke mwingine."

"Hana."

"Heri angekuwa naye, ungepata sauti!"

Wakajaribu mpaka Zena akaamka akalia, na kilio cha Zena kikasikika mpaka barabarani. Bi Kidawa akatikisa kichwa. "Mtoto huyu sauti kaitoa wapi? Basi, shoga, nitakuja mimi nikae ndani, nikujibie."

Halafu akaitazama ile nyumba, kuta zilizokandikwa laini, mlango, mchicha. Akaitazama kwa muda unaozidi kidogo ule wa jirani.

"Ila anayejibu ndiye mwenyewe," akasema Siwema.

"Ndivyo sheria ilivyo, shoga. Sikuitunga mimi."

Siwema akamshukuru, akamwambia hapana.

*

Mheshimiwa Ngurumo alikuja na zulia, kiti, mwavuli, bendi ya tarumbeta na kitambaa kilichoandikwa KIMYA NI MALI YA UMMA. Mtaa mzima ulifika. Siwema alibaki ndani na Zena, mlango umefungwa, kama sheria inavyotaka.

"Ndugu wananchi!" akaanza Mheshimiwa, na ndege wakahama mti. "Nyumba ni nini? Nyumba ni mdomo. Mdomo usiosema ni tundu tu, na tundu katika nchi ni hasara. Serikali yenu haiwezi kukaa ikitazama matundu! Baadhi yenu mmeuliza, je, nyumba hii atapewa nani? Swali zuri. Tulisema apewe raia mwenye sauti ya kutosha. Tukaunda kamati. Kamati ikatafuta mashariki, ikatafuta magharibi. Mwishowe kamati, ambayo niliiongoza mimi, ikaniona mimi."

Wapiga makofi wakapiga. Safari hii walikuwa wameelezwa mapema pa kupiga.

"Na huyu," akasema akimwekea Hamduni mkono begani, "ni kijana wa mfano. Wengine walileta vimya vya jirani zao. Yeye kaleta kimya cha nyumbani kwake. Huko ndiko kujitolea! Bwana Mbisha Hodi, tekeleza."

Hamduni akasogea mlangoni. Nyuma yake alisimama karani wa chaki, mtu mnene aliyekuwa na chaki mkono mmoja na kitambaa cha kufutia mkono wa pili, anasubiri.

"Hodi," akasema Hamduni.

"Karibu," akajibu Siwema kutoka katikati ya chumba.

Hamduni akageuka. "Kimya, Mheshimiwa."

Tarumbeta likalia mara moja.

Siwema akamweka Zena juu ya mkeka, akasogea mpaka mlangoni. Mbao za makasha zilikuwa zimeachana kidogo, naye akaliona sikio la mumewe kwenye ufa, karibu kiasi cha kulishika. Alilijua sikio lile. Lilikuwa na tabia moja: likisikia jambo zuri, ngozi ya nyuma yake ilisogea kidogo, kama sikio la ng'ombe akimfukuza nzi. Lilisogea siku ile ya mahindi. Lilisogea alipomwambia ana mimba.

"Hodi," akasema Hamduni, hodi ya pili.

Siwema akaweka mdomo kwenye ufa.

"Karibu," akamwambia.

Sikio likasogea. Aliliona kwa macho yake mwenyewe, upana wa kidole mbele yake.

"Kimya, Mheshimiwa," akasema Hamduni.

Tarumbeta likalia tena. Watu wa nyuma wakaanza kuinua shingo waone samani zitakavyotolewa. Bi Kidawa akajifunika uso kwa kanga, lakini akaacha nafasi ya jicho.

Tungependa kusema kwamba Siwema alifikiria nyumba yake wakati ule: udongo wa bondeni, miguu ilivyopasuka kwa kuukanda, mchicha. Hakuifikiria. Alifikiria kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kujua kama sauti yake ni ndogo au watu ndio hawakutaka, na kwamba alikuwa amempata mtu mmoja wa kumthibitishia. Sasa mtu huyo yuko nje ya mlango, anathibitisha kinyume. Na neno lile moja, karibu, ambalo lingemwokoa kama angelipayuka, hakuwahi kulisema kwa mtu ambaye hakutaka aingie. Alilelewa hivyo. Akaona hawezi kuanza kulisemea uongo leo.

"Hodi," akasema Hamduni. Hodi ya tatu.

Mlango ukafunguliwa.

"NIPO!"

Hatujui ilitoka wapi. Bi Kidawa alisema baadaye ilitoka katika ile mito ya shuleni. Kuku wake waliruka juu ya paa. Zena alimtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza. Mpiga tarumbeta alishusha tarumbeta akachungulia ndani yake. Na Mheshimiwa Radi Ngurumo, ambaye hakuwa amemsikia mtu mwingine tangu ateuliwe, aligeuza shingo polepole.

"Nani huyo?"

Karani wa chaki aliijua sheria. Aliikumbuka kesi ya Chande mlevi, tena yeye ndiye aliyeichora nyumba ile. Akazunguka ubavuni, akainama penye mchicha, akalifuta duara kwa kitambaa, akachora msalaba. Sauti ni sauti.

Mheshimiwa akajikohoza. Akakunja karatasi ya hotuba. "Ahem. Basi ndivyo nilivyokuwa nataka kusema. Serikali imemsaidia mwananchi huyu kupata sauti. Andikeni hivyo. Haya, mama, jua kali hili. Si tukaribie tunywe maji?"

Hamduni akawahi. Uso wake ulikuwa umekwisha kubadilika, umekuwa tena uso wa yule kijana wa salamu za msiba, unacheka mpaka machoni. "Si nilikuambia, Mheshimiwa? Mke wangu huyu, ukimsikia mara moja humsahau." Akavua kofia, akaiweka kwapani, akainua mguu kuvuka kizingiti cha nyumba.

Siwema hakusogea. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, mkono huu kwenye mwimo, mkono huu kwenye mwimo. Lile jambo likapanda tena mpaka kooni, lile la juzi na la siku zote, na safari hii halikurudi.

"Ulinisikia, Hamduni," akasema, na mtaa mzima ukamsikia. "Mara zote ulinisikia. Sikukaribishi."